Fundi Anasema Bado

Daktari aliuliza swali lile mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mzee, umeshatoa hewa?"

Fundi alitazama dari. Mpira mwembamba ulikuwa umepitishwa puani mwake hadi kwenye mfuko wa tumbo, na kila alipomeza mate ulimkwaruza koo, kwa hiyo alikuwa amezoea kujibu kwa neno moja.

"Bado."

Mama Pacha, mkwe wake, mjane wa mwanawe, alikuwa amesimama upande wa miguuni na beseni mikononi. Swali lilipotoka alikuwa ameshageuza uso dirishani, kama mtu aliyesikia anaitwa huko nje. Wanafunzi wa udaktari walijipanga nyuma ya mkubwa wao. Mmoja akaandika, mwingine akaficha tabasamu kwa kalamu. Jirani wa kitanda cha pili, dereva wa lori ambaye hakujua kunyamaza hata pale alipokatazwa kusema, akashauri kwamba hewa haina nauli, mzee aiachie tu iende zake.  Tangu walazwe ubavu kwa ubavu Fundi hakuwahi kumjibu.

Daktari aligonga lile tumbo kwa vidole viwili. Likalia kama debe. Akainama, akasikiliza kwa chombo chake muda mrefu, akahamisha hapa, akahamisha pale, kisha akasimama akijishika kiuno. Alisema anasikia kitu, ila ni kidogo mno, na picha ya jana haikumwambia lolote la kushika. Akamvuta Mama Pacha pembeni. Ikiwa kufikia kesho asubuhi bado hakuna kinachopita, alimwambia, itabidi wamfungue tena, maana huenda pale walipounga utumbo pameziba.

"Na sitakudanganya, mama. Mara ya kwanza moyo wake ulituhangaisha mezani. Mara ya pili sijui."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Angetaka kuuliza jambo, lakini uchovu ulikuwa umemkalia kichwani kama ndoo ya maji, na kabla hajalipata lile swali, daktari na msafara wake walikuwa wameshafika kitanda cha mwisho.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini. Miguu ilikuwa imevimba, kanda za ndala zimemchora alama. Tangu mkwe wake aletwe akiwa amejikunja kama mtoto, tumbo limevimba upande mmoja na kutapika hakuna kukoma, yeye amelala kwenye kiti cha plastiki, akaamka kwenye kiti cha plastiki. Pacha wake wako kwa jirani. Cherehani yake nyumbani imebaki na pazia la watu limeningʼinia kwenye sindano, limeshonwa nusu. Alijaribu kuomba, akasema Mungu wangu, halafu akasahau alikuwa anakwenda kusema nini. Akajiambia Mungu ameelewa.

Sista wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa mtu anayeumwa magoti, alimkuta pale akaketi naye kidogo. Mama Pacha ndipo akakumbuka swali lake. Hivi hewa ina maana gani kubwa hivyo, hata watu wazima wasimame kuiulizia kama mgeni wa serikali?

Sista akacheka bila sauti. Akamweleza polepole, akitumia ukanda wa sare yake kuwa utumbo. Watu wengi, alisema, wanadhani chakula kinashuka chenyewe kama maji kwenye bomba. Hakishuki. Kinasukumwa. Ukimeza tonge tu, koo linalibana na kulisogeza chini, hata ukiwa umelala litafika. Kwenye mfuko wa tumbo linakandwa na kulowekwa kwenye maji makali hadi liwe uji. Uji ule unaingia utumbo mwembamba, mrefu kuliko chumba hiki, na huko ndiko mwili unakochukua riziki yake. Nyongo inakuja kuvunja mafuta, kongosho nalo linaleta maji yake. Kinachobaki kinaingia utumbo mpana, kinanyonywa maji, na mabaki yanasogezwa mlangoni. Safari yote hiyo ni kubana na kuachia, kubana na kuachia, mchana kutwa, na wewe huna habari.

"Sasa utumbo ukishikwa na mikono ya watu, unasusa," sista alisema. "Unajilalia tu, kama mtoto aliyechapwa. Hausukumi kitu. Ndiyo maana tumemwekea mpira puani, ili yanayojikusanya juu yatoke. Tunasubiri uache kususa. Na dalili ya kwanza kwamba umeacha ni hewa kutoka kule chini. Ikitoka hewa, njia ni nzima. Tunatoa mpira, anapewa maji, baadaye uji, baadaye mnakwenda nyumbani."

"Na utumbo wake, kwa nini ulijisokota?"

Sista alimtazama. "Mzee wako anapata choo vizuri siku zote?"

Mama Pacha hakujua. Na kutojua kwake kulikuwa na historia yake.

Fundi alikuwa fundi mabomba. Miaka na miaka alizibua vyoo vya watu, mashimo ya watu, mitaro ya watu, na hakuna nyumba mtaani ambayo hajawahi kupiga magoti uani kwake. Watoto wa mtaa walimpa jina, jina baya, wakawa wanamwimbia akipita na waya wake mabegani. Mume wa Mama Pacha alikuwa akisimulia jinsi siku moja alirudi kutoka shule analia kwa sababu ya jina lile, na baba yake akasikiliza hadi mwisho, akaenda kuoga mara ya pili. Tangu hapo Fundi aliweka amri zisizoandikwa. Yeye mwenyewe asiingie sebuleni kabla ya kuoga kwa sabuni ya unga. Asisikike akiwa uani. Neno choo lisitamkwe ndani ya nyumba. Mtu anakwenda "nyuma" na anarudi kutoka "nyuma". Mama Pacha aliolewa pale akiwa msichana, akazaa pale, akafiwa na mume pale, akamuuguza mama mkwe hadi akamzika, na muda wote huo hakuwahi hata kumwona baba mkwe akiingia uani. Alisikia kikohozi tu, na bomba la bafuni likifunguliwa, maji yakitiririka kwa nguvu hadi mzee amalize mambo yake.

Tena kazini, hilo Mama Pacha alilijua kwa mama mkwe, Fundi hakukubali kutumia choo cha mteja hata siku moja. Alikuwa anajibana kutwa. Na ili asibanwe, hakunywa maji.

Sista aliposikia hayo akafunga ukanda wake kiunoni taratibu. "Basi hapo ndipo. Mtu akijizuia miaka yote hiyo, na maji hanywi, choo kinakuwa kigumu kama kokoto, kinasimama. Utumbo mpana unapanuka, unarefuka, unalegea kama soksi ya zamani. Siku moja unajizungusha kwenye shina lake, damu haipiti tena. Wamemkata kipande kilichokuwa kimeshakufa, mama. Ni adabu hiyo yote ilikuwa mle ndani."

Mama Pacha alirudi wodini na maneno hayo kifuani. Fundi alikuwa macho, amelala chali, mikono juu ya shuka kama maiti aliyenyooshwa. Ndevu zimemwota nyeupe. Alipomwona, akamnyooshea kidole sinki lililokuwa ukutani karibu na kitanda.

"Fungulia maji, mwanangu. Ulowanishe kitambaa."

Akafungulia. Mzee akakohoa, akaguna kwa maumivu ya kidonda, akasema aache maji yatiririke kidogo yapoe. Kisha akasema basi. Mama Pacha akafunga, akamfuta uso, akaketi. Ilikuwa mara ya pili au ya tatu tangu kupambazuke, na zote alifanya hivyo hivyo, mkono kwenye bomba na akili kwenye pazia la watu. Safari hii, alipokuwa akikamua kile kitambaa, aliona kwamba kilikuwa kimelowa tangu mwanzo. Kilikuwa kinachuruzika. Na harufu ikamfikia, nyembamba, ya chini kwa chini, harufu ambayo mama wa pacha hawezi kuikosea na kitu kingine.

Alibaki ameshika kitambaa. Akamtazama mkwe wake. Mkwe wake akatazama dari.

Basi ikawa imepita. Imepita zaidi ya mara moja, na mzee amesema bado mbele ya daktari na kalamu zote zile, na kesho watamchana tena kutafuta kitu ambacho hakipo.

Alitoka mbio za kuburuta ndala akamweleza sista. Sista akasema vizuri sana, hiyo ni habari njema, je, amesikia kwa masikio yake? Mama Pacha akasema maji yalikuwa yanatiririka. Sista akashusha pumzi. Akasema hawezi kumwandikia daktari kwamba ndugu wa mgonjwa amehisi harufu kwenye wodi ya wagonjwa wa tumbo. Hapa kila mtu ananuka lake. Lakini atakwenda kumuuliza mzee peke yake, na Mama Pacha abaki huku huku.

Alibaki. Alihesabu vigae vya sakafu, akapotea hesabu, akaanza upya. Sista alirudi akitikisa kichwa.

"Anasema bado. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali. Anasema mimi ni mdogo kwa mjukuu wake, wakati mimi nina mjukuu." Akampa karatasi ya ridhaa ya upasuaji, asaini yeye kwa kuwa ndiye aliyeko. Watu wa chumba cha upasuaji watapita kuichukua jioni.

Mama Pacha akampigia simu wifi yake, binti pekee wa Fundi aliyebaki, anayeishi mbali na ambaye nauli yake siku zote ilikuwa njiani. Wifi alilia kidogo, kisha akasema anachongoja ni nini, asaini, madaktari wanajua kazi yao. Mama Pacha alijaribu kumweleza habari ya maji. Wifi akamkatiza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hayo si mambo ya kuzungumza juu ya baba, na kwamba hata yeye aliyezaliwa na mzee mwenyewe asingethubutu, sembuse mtu aliyekuja kwa ndoa. Akakata.

Mtu aliyekuja kwa ndoa alikunja ile karatasi, akaiweka chini ya beseni, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Hakuwa na hasira. Hasira inahitaji nguvu.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia wodini, likalala juu ya mashuka. Dereva alikuwa akimsimulia mgonjwa wa mbele yake jinsi alivyotoboka tumbo: kila safari alikuwa anameza vidonge vya mgongo bila kula, anashushia na soda, kiungulia kikimkaba anameza vingine, hadi siku moja kidonda cha ndani kikafumuka yuko kwenye usukani. Alikuwa anaisimulia kwa mapenzi, kama mtu anayesimulia ajali ya mwenzake.

Fundi akakunja uso. Kitu kilimpita tumboni. Mama Pacha aliona shuka likitikisika. Kidole kikainuka.

"Maji, mwanangu. Fungulia."

Mama Pacha hakuinuka.

"Sifungulii, baba."

Mzee akageuza kichwa taratibu, kwa sababu ya mpira. Alimtazama kama mtu aliyesikia ukuta ukisema. "Umesemaje?"

"Nimesema sifungulii. Kitambaa kimelowa." Alisema kwa sauti ndogo sana, na macho yake yalikuwa sakafuni, maana macho hayakukubali kupanda. "Najua ya nini hayo maji. Nimekaa kwako muda mrefu, baba. Najua."

"Huna adabu."

"Ninayo. Ndiyo imenifikisha hapa." Akapangusa mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Mume wangu nimemzika. Mama nimemzika. Kesho wanakupasua, na daktari ameniambia moyo wako hauwezi. Sina nguvu za kuzika mtu mwingine kwa ajili ya adabu, baba. Nimechoka. Ningekuwa nazo ningekuzika vizuri, lakini sina."

 Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama mzee. Alikuwa amejikaza, mwili mzima umejikaza, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa godoro, na jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Mama Pacha aliona yale maumivu, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kuelekea sinki. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaurudisha mapajani.

Kisha akafanya lililobaki katika uwezo wake. Akainuka, akageuza kiti, akaketi tena amempa mzee mgongo, uso ukutani. Ukutani palikuwa na rangi iliyobanduka. Akaitazama ile rangi kama mtu aliyetumwa kuitazama. Akaomba, na safari hii dua haikumpotea, ingawa ilikuwa dua ambayo hakuwahi kufikiria angeiomba maishani mwake, na alimwomba Mungu amwie radhi kwa kumtaja katika jambo kama lile.

Kitanda kikalia. Mzee akaguna, akajaribu kukohoa, kikohozi kikakatika kwa sababu ya kidonda. Na hapo kikatoka kishindo. Hakikuwa kidogo. Kilianza kwa unyenyekevu, kikapata moyo, kikaendelea, kikapanda, kikashuka, kikapumzika kana kwamba kimekwisha, kisha kikamalizia. Wodi nzima ikasikia. Mgonjwa wa mbele akaacha kijiko hewani.

Dereva, ambaye katika maisha yake alikuwa amekosa heshima kwa watu wengi, safari hii alivua kofia. Akaita kwa sauti ya taratibu, ya kikazi kabisa:

"Sista, njoo. Lori limeachia breki. Sasa linaondoka."

Mama Pacha hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama alikuwa akicheka au akilia, wala yeye mwenyewe hakujua. Nyuma yake Fundi alikuwa amejivuta shuka hadi juu ya kichwa, na mpira wake ukiwa umetokeza pembeni.

Sista alikuja na magoti yake, akauliza, akajibiwa na wodi nzima. Daktari aliitwa, akaja bila wanafunzi. Aligonga tumbo, likalia tofauti. Akasikiliza, akasikiliza tena, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Kutoka chini ya shuka sauti ilimwambia kwamba ilikuwa imetoka tangu asubuhi, tena asubuhi na mapema, kabla ya raundi. Daktari akauliza sasa kwa nini. Shuka halikujibu. Daktari akamtazama Mama Pacha, Mama Pacha akatazama rangi ya ukuta.

Ile karatasi ya ridhaa ilichukuliwa chini ya beseni ikachanwa. Mpira ukatolewa puani polepole, mzee akapiga chafya, macho yakamtoka machozi. Akaambiwa anywe maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Akaambiwa, na sista akalirudia hilo kama mwalimu, kwamba akitoka hapa atakunywa maji mchana kutwa, atakula mboga na matunda, atatembea, na mwili ukimwita aende hapo hapo, awe kwake au awe kwa mteja, asingoje. Fundi aliitikia kwa kichwa kila neno. Kijiko cha maji alikataa kukipokea kwa mkwe wake. Alikipokea kwa sista.

Siku zilizofuata alipata nafuu haraka, na hakumsemesha. Mama Pacha akimwekea mto, anatazama pembeni. Akimletea uji, unabaki kwenye meza ndogo hadi yeye atoke kwenda ukumbini. Akirudi bakuli ni tupu. Mama Pacha alizoea. Alikuwa akiweka bakuli, anatoka, anakaa kwenye benchi lake, anasikiliza kijiko kikigonga bati.

Hatimaye wifi alifika, na shangazi mmoja, na majirani wawili wa mtaani. Walijaa kandokando ya kitanda wakimpa pole. Kutoka kwenye benchi Mama Pacha alisikia sauti ya mkwe wake, ambayo ilikuwa imerudi na ukali wake wote, ikiwaeleza kwamba mwanamke yule ambaye mwanawe alimwachia hana adabu hata chembe, na kwamba amemtendea jambo ambalo hatalisahau hadi anaingia kaburini.

Majirani wakashtuka. Jambo gani tena, mzee?

"Jambo," Fundi akasema.

Lakini alikufanyia nini, baba?

"Muulizeni mwenyewe. Mimi siwezi kulitamka."

Kutoka kitanda cha pili dereva akakohoa kikohozi kirefu cha mtu anayemeza kitu kikubwa kuliko koo lake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akanyamaza.

Wifi alitoka hadi ukumbini amekunja uso. Alimkuta Mama Pacha ameegemeza kichwa ukutani, ndala amezivua, miguu juu ya sakafu baridi.

"Baba amekasirika sana," wifi akasema. "Anasema hatakusamehe."

"Amekula?"

"Mimi nakwambia hatakusamehe, wewe unauliza kula?"

"Wifi, amekula?"

Wifi akageuka akachungulia mlangoni. "Amemaliza bakuli. Anauliza kama kuna jingine."

"Lipo kwenye chupa. Mmiminie wewe, atapokea," Mama Pacha akasema. Akafumba macho. Akaanza kumshukuru Mungu, akafika katikati ya sentensi, na usingizi ukamchukua pale pale kwenye benchi, mdomo wazi, huku ndani ya wodi mkwe wake akiendelea kumsema.